Magoti ya Magomeni

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie magoti. Ndiyo, magoti, haya haya mawili uliyonayo, ambayo huyakumbuki mpaka siku uyagonge kwenye ukingo wa kitanda.

Ukikaa kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira hapa Magomeni, kuna siku mechi inachelewa na mwenye banda anabadilisha chaneli ili watu wasidai hela zao. Siku hizo ndipo utakapoona mbio za pikipiki za MotoGP. Jamaa kavaa ngozi kutoka shingoni hadi vidoleni, anaingia kwenye kona kwa kilomita 150 kwa saa, anaporomoka nusu ya makalio nje ya kiti, anatupa goti pembeni mpaka linasugua lami, cheche za vumbi zinaruka, halafu anainuka na kuendelea na safari zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzee mmoja niliyekuwa nimekaa naye benchi moja aliuliza swali ambalo mpaka leo naliona ni la kitaalamu kabisa: "Huyu kaanguka, au bado?"

Na mzee alikuwa na haki ya kushangaa. Sisi goti chini tunalijua kwa maana zake. Kuna la kuomba msamaha. Kuna la kuswali na la kusali. Kuna la Usukumani, ambako binti aliyelelewa vizuri anapiga goti kuwasalimia wakubwa. Na tangu tamthilia za Kifilipino ziingie sebuleni, kuna la bwana harusi mtarajiwa anayepiga goti ufukweni Coco Beach akiwa ameshika kiboksi, huku rafiki yake anarekodi kwa simu. Lakini goti la kuisalimia lami kwa kilomita 150? Shikamoo lami! Hilo kwetu lilikuwa halijaingia kwenye kamusi.

Nikaanza kufuatilia. Kazi yetu ya uandishi ina raha yake moja, unaweza kutumia wiki nzima kuchunguza jambo ambalo mhariri hajakutuma, na ukiulizwa unasema uko kwenye utafiti.

Iko hivi. Pikipiki haikati kona kwa usukani peke yake kama Noah. Ni lazima ilale. Kadiri unavyokwenda kasi, au kona inavyobana, ndivyo unavyotakiwa kuilaza zaidi. Tatizo ni kwamba kulala kuna mwisho wake. Ukipitiliza, vile vyuma vya kukanyagia vinagusa lami, tairi linanyanyuliwa, na habari yako inaishia hapo. Sasa dereva wa mbio akiuhamishia mwili wake upande wa ndani wa kona, uzito wake unasaidia kazi ambayo pikipiki ingeifanya kwa kulala. Kwa mwendo ule ule na kona ile ile, pikipiki inabaki imesimama zaidi kidogo, tairi linakanyaga vizuri, na jamaa anapata nafasi ya kufungua mafuta mapema kuliko mwenzake. Goti linalotokeza pale nje ni rula. Likigusa lami linamwambia dereva: umefika nyuzi kadhaa, kilichobaki ni kidogo, tumia akili. Yaani kile tunachokiona sisi kama mbwembwe, mwenyewe anakitumia kupimia.

Na haikuwa hivyo tangu zamani. Mashindano ya dunia ya pikipiki yalianza mwaka 1949, na madereva wa miaka ile walikaa kama bwana shamba kwenye pikipiki ya serikali: mgongo umenyooka na pikipiki au umelala juu ya tanki, magoti yamebana tanki, adabu mbele. Mwingereza Mike Hailwood alichukua mataji tisa ya dunia katika miaka ya 1960 akiwa na magoti yake nyumbani. Halafu akaja Mfini mmoja, Jarno Saarinen, ambaye alikuwa ameshindana pia kwenye barafu, akaanza kuning'inia pembeni ya pikipiki wenzake wakadhani anatafuta kitu kilichomdondoka. Alikuwa bingwa wa dunia wa cc 250 mwaka 1972, na mwaka uliofuata akafariki kwenye ajali kule Monza, Italia. Aliyeifanya staili hii iwe sheria ni Mmarekani Kenny Roberts, bingwa wa cc 500 mwaka 1978, 1979 na 1980. Wakati huo hakukuwa na vifaa maalumu vya goti, kwa hiyo watu walijiviringishia gundi ya karatasi ya bomba magotini ili ngozi isitoboke. Hapo nilijisikia nyumbani kabisa. Gundi ya kuzibia bomba kufanyia kazi isiyohusiana na bomba! Roberts angekuja Gerezani pale tungempa banda na spana.

Siku hizi ni mambo mengine. Goti lina kipande kigumu cha plastiki kinachobandikwa na kubanduliwa, kikiisha unaweka kingine. Mhispania Marc Márquez, aliyechukua ubingwa mwaka 2013 akiwa na miaka 20, alitufundisha kwamba hata goti ni la wazee, yeye anasugua kiwiko. Pikipiki inalala nyuzi 60 na zaidi. Na Afrika nasi tumo, msidhani tumeachwa. Brad Binder wa Afrika Kusini alishinda Brno, Jamhuri ya Czech, Agosti 2020, Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda daraja la juu la MotoGP, na mwaka 2023 kule Mugello mashine yake ilipimwa kilomita 366.1 kwa saa. Kwa mwendo huo Magomeni mpaka Chalinze unafika kabla chai haijapoa, ukiondoa mizani na trafiki.

Sasa tushuke kwetu.

Hapa Afrika Mashariki mbio zetu za pikipiki ni zile za matopeni. Arusha, Moshi, Nairobi, na kule Busiika, Uganda, ambako watu wanajaa uwanjani kuangalia pikipiki zikiruka vichuguu. Kwenye udongo goti haliburuzwi. Unanyoosha mguu mzima mbele kama unayepima kina cha maji, ili ukiteleza ujikwamue. Kwa hiyo goti la lami halina nafasi kwenye mbio hizo. Lina mashabiki tu, na mashabiki wake wako kwenye vijiwe vya bodaboda.

Kuna dogo mmoja wa kijiwe cha Mapipa ninayepanda naye mara kwa mara. Kijana mstaarabu, anaamkia watu, anarudisha chenji. Tangi la pikipiki yake lina stika ya namba 46 ya Valentino Rossi, na kofia ngumu yake, ile ya kwake siyo ya abiria, imepakwa njano. Akikaribia kona anatoa mguu wa ndani unaning'inia. Nilidhani anapunga hewa. Akanieleza kwa subira, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi, kwamba Rossi ndiye aliyeanza kuning'iniza mguu wakati wa kufunga breki, katikati ya miaka ya 2000, na wengine wote wakaiga. Nikamtazama mguu. Una yeboyebo.

"Dada," akaniambia, "mguu ni mwanzo tu. Goti linakuja."

Nikamwambia goti lisije nikiwa mimi niko nyuma.

Tuzungumze ukweli wa kiufundi, maana hapa ndipo ndoto inapogongana na chuma. Pikipiki ya MotoGP ina nguvu za farasi zaidi ya 250 na uzito wa kilo 157 hivi. Boxer ya dogo haifikishi nguvu za farasi 15, na uzito wake unategemea abiria kabeba nini: mama, watoto wawili, gunia la mchele wa Mbeya, na jogoo ambaye hajaelezwa anakwenda wapi. Matairi ya mbio ni mapana na yanafungwa blanketi la umeme yapate joto kabla ya kutoka. Tairi la Boxer ni jembamba kama mkono wa mtoto, na joto linalipata Dar es Salaam yenyewe, bure. Halafu, na hili ndilo linalomaliza mjadala, zile pikipiki zetu zimefungwa vyuma vya kukinga injini vinavyochomoza kushoto na kulia. Muda mrefu kabla goti la dogo halijaiona lami, hivyo vyuma vitakuwa vimeshaikwangua, gurudumu la mbele limeshanyanyuka, na dogo anaburuza kila kitu isipokuwa goti.

Nikampigia hesabu kwenye karatasi ya maandazi. Chukua kona ya kuingia mtaani, ambayo ukiikamilisha duara lake, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 10. Ukiingia kwa kilomita 36 tu kwa saa, wewe na pikipiki mnatakiwa kulala nyuzi 45. Kilomita 36! Ni mwendo ambao abiria akiwa nyuma anamwambia dereva aongeze, anachelewa kazini. Na kwa nyuzi 45 goti lililotokezwa vizuri linakuwa tayari linanusa lami. Kwa hiyo usiseme mbio ziko Italia na Hispania. Fizikia ya Mugello iko kwenye kona ya duka la Mpemba.

Tofauti ni kile kilicho chini ya tairi. Uwanja wa mbio unafagiwa. Kuna watu wenye bendera za njano wanaokuambia mbele pana hatari. Pembeni ya kona kuna eneo pana la kokoto la kukupokea ukianguka, na kuna daktari anayekusubiri akiwa na gari linalounguruma. Nguo yenyewe ina puto ndani, linajijaza hewa kabla hujafika chini, na tangu mwaka 2018 hakuna anayeruhusiwa kushindana bila hilo puto.

Uwanja wetu ni Barabara ya Morogoro. Mvua ya masika ikinyesha, Msimbazi unapanda pale Jangwani, barabara inafungwa, watu wanapiga picha, maji yanashuka, barabara inafunguliwa. Kinachobaki ni mchanga. Mchanga laini, umetandazwa juu ya lami vizuri kama unga juu ya kibao cha chapati. Dogo anashuka kutoka Mapipa kuelekea Fire, mteremko unamsukuma, mguu unaning'inia. Puto lake ni lile koti zito la baridi alilolivaa kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usimpige kifuani. Bendera ya njano ni kofia yake mwenyewe.

Halafu kuna ile njia ya mwendokasi. Tangu mabasi yale yaanze Mei 2016, katikati ya barabara yetu kuna zege nyoofu, safi, halina foleni, halina mashimo. Nani amewahi kumwonyesha kijana wa miaka 22 mwenye pikipiki kitu kama kile halafu akamwambia asikiguse? Ni sawa na kumwekea paka samaki mezani na kumwachia barua ya katazo. Wanaingia. Wanajua ni kosa, wanaingia hivyo hivyo, wanatazama mbele kama kuna trafiki na wanasahau kutazama nyuma, ambako kuna basi la mita 18 linalojua kwamba njia ni yake. Hapa siwatetei. Basi lile halina uwezo wa kukwepa, limebanwa na kingo pande zote, na dereva wake naye ana mke na watoto na ataiona ile sura usiku.

Tuje kwa abiria, maana nimegundua katika utafiti wangu huu usio na mfadhili kwamba mabingwa halisi wa kuning'inia si madereva. Ni akina mama.

Mtazame mama wa Magomeni akitoka sokoni. Kavaa dera, kanga juu yake, kapu mkononi. Hawezi kupanua miguu, na hata kama angeweza asingetaka majirani wamwone. Anakaa upande. Magoti yote mawili yako upande mmoja, uzito wake wote uko upande mmoja, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma, mwingine umeshika kapu, wa tatu, maana mama hawi na mikono miwili tu, unabana kanga isipeperuke ikaingia kwenye cheni. Dereva akikata kona upande wa magoti ya mama, pikipiki inalala yenyewe bila kuombwa. Akikata upande wa pili, dogo inabidi aegemee kama mtu anayesukuma kabati. Huko Ulaya kuna mashindano ya dunia ya pikipiki zenye kigari pembeni, yapo tangu mwaka ule ule wa 1949, na abiria wake kazi yake ni kujirusha kushoto na kulia kila kona, na hupewa medali sawa na dereva. Mama yetu anafanya kazi hiyo hiyo akiwa na kilo mbili za nyanya na simu sikioni, na anatozwa nauli.

Halafu kuna mshikaki, ndiyo ule wa watu watatu au wanne kwenye pikipiki moja. Kwenye kona, wa mbele analaza pikipiki, wa nyuma anaogopa na kujinyoosha kuelekea upande wa pili, na wa katikati hana uhuru wowote, yeye ni nyama. Wataalamu wa mbio wanasema dereva na pikipiki wawe kitu kimoja. Kwenye mshikaki kuna vyama vitatu vya siasa na kila kimoja kina msimamo wake kuhusu kona.

Na goti la abiria ndilo goti ninalotaka tulizungumzie kwa uzito, kwa sababu wakati wote tunatazama goti la dereva kwenye kona, goti linaloumia Dar es Salaam liko kwenye mstari ulionyooka, kwenye foleni, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Mwaka jana nilikuwa nimechelewa mkutano wa waandishi mjini. Sketi ya ofisini, pochi, kinasa sauti. Pale kwenye makutano ya Morogoro na Kawawa foleni imesimama, na bodaboda akafanya kile tunachowalipa wakifanye, akapenya. Kushoto daladala, kulia lori la mchanga. Dereva wa pikipiki anapita, kwa sababu yeye anaziona kingo zake, upana wa usukani wake anaujua. Upana wa magoti yangu haujui. Yako nyuma yake, haoni, na yanatokeza kuliko usukani. Konda wa daladala akapiga kelele: "Dada, kunja goti!" Naomba mwenye elimu ya viungo anisaidie. Nimekaa kwenye pikipiki, goti limeshakunjwa. Nilikunje tena kuelekea wapi? Kabla sijapata jibu, bati la daladala lilikuwa limeshanisaidia. Sketi ilichanika, ngozi ikatoka kiasi cha sarafu ya mia mbili, na nilipokuwa nashuka kwa hasira nikaegemeza shavu la mguu kwenye ekzosi. Ile alama ya mviringo mnaijua. Nusu ya dada zetu wa mjini wanayo, mguu wa kulia, utafikiri ni chanjo.

Mimi nilipona kwa dawa ya maji na plasta. Wengine hawaponi hivyo. Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 wakati bodaboda hatujui hata jina lake, leo hii ukienda kumwona mgonjwa utawakuta vijana. Vijana wa umri wa dogo, mguu umeinuliwa juu, vyuma vimetoboka kutoka nje ya ngozi vikiwa vimeshikilia mfupa, na pembeni ya kitanda mama aliyekuja kutoka mkoani na chupa ya uji. Goti ni kiungo kibaya sana kuvunjika. Mfupa wa paja ukivunjika katikati unaweza kuungwa ukarudi. Goti lililosagika linaweza kukuacha na mguu usiokunjika, na kijana anayeendesha pikipiki kwa hesabu ya siku, mwenye mguu usiokunjika, anafanya kazi gani? Bima ile ndogo ya lazima inamwangalia mtu mwingine aliyeumizwa. Yeye mwenyewe aliyeshika usukani haimhusu.

Najua mtakachosema, kwa sababu nakisikia kila siku kwenye mabaraza ya wasomi. "Bodaboda ni wahuni." "Wanakimbiza kwa ujinga." "Wapigwe marufuku mjini." Wameshapigwa marufuku katikati ya jiji zaidi ya mara moja, na wapo. Wahuni wamo, sikatai, nimepanda na mmoja aliyekuwa anatuma ujumbe wa mapenzi akiwa kilomita 60. Lakini nilimuuliza dogo kwa nini anakimbiza, nikitegemea anijibu habari za Rossi, akanijibu habari za hesabu.

Pikipiki si yake. Ana mkataba. Kila siku anapeleka shilingi elfu kumi kwa mwenye pikipiki, na akimaliza muda wa mkataba, pikipiki inakuwa yake. Mafuta juu yake. Ikiharibika juu yake. Akikamatwa na trafiki, juu yake. Safari za Magomeni nyingi ni za buku, buku jero. Piga mwenyewe. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka kama saa nane mchana anamfanyia kazi mwenye chombo na kituo cha mafuta. Kuanzia saa nane ndiyo anaanza kula yeye. Mvua ikinyesha asubuhi nzima, abiria hakuna, barabara ya Jangwani imefungwa, hesabu iko pale pale. Mvua ikikata saa tisa, lami ina mchanga na maji, na dogo ana deni la siku nzima la kulipa kabla ya saa mbili usiku. Sasa hapo, ndugu yangu mwenye digrii, kati ya dogo na Binder ni nani yuko kwenye mbio? Mvua ikiwa kubwa mno, wasimamizi wa mbio za Binder wanaweza kuyasimamisha mashindano.

Na mwenye pikipiki ni nani? Hapa ndipo utafiti wangu uliponinyima usingizi. Nilikuwa nadhani ni tajiri fulani wa Kariakoo mwenye tumbo. Wako, lakini si wote. Ni mwalimu wa sekondari. Ni mhasibu wa taasisi ya serikali. Ni dada wa benki. Ni wewe, mdau, uliyeniambia kwenye harusi kwamba "nina boda mbili zinazunguka, kitu kidogo cha pembeni." Ni mtaji wa vijana wasomi wa mjini, unakopa kwenye saccos, unanunua Boxer, unamkabidhi kijana, unapokea hesabu kwa simu ukiwa umekaa kwenye kiyoyozi. Na jioni ukikatwa mbele ukiwa ndani ya gari lako, unatoa kichwa dirishani unaita, "We mhuni!" Huenda unamwita mfanyakazi wako.

Sisemi biashara hiyo ni mbaya. Imewapa vijana wengi kazi ambayo serikali haikuwa nayo mfukoni, na kuna waliomaliza mikataba yao wakanunua ya pili, wakaoa, wakajenga Chanika. Ninachosema ni kwamba kampeni zetu zote za usalama zinamlenga mtu mwenye yeboyebo, wakati kasi yake imeandikwa kwenye karatasi na mtu mwenye viatu.

Siku za mvua kubwa hesabu isimame au ipungue nusu. Haliwezi kukufilisi, mvua zenyewe za masika ni Machi hadi Mei. Kofia ngumu ziwe mbili, na ya abiria iwe na kitambaa cha ndani kinachofulika, maana ile iliyopo sasa imevaliwa na vichwa arobaini kwa siku na ndiyo sababu dada zetu waliosuka wanaiweka mapajani kama mtoto. Tairi likiisha alinunue mwenye pikipiki, kwa sababu kijana mwenye kuchagua kati ya tairi jipya na chakula cha wiki atachagua kile ambacho hata wewe ungechagua. Na manispaa, jamani, fagio. Mchanga wa Jangwani na wa kona zetu ufagiwe siku maji yanaposhuka, si wiki mbili baadaye wakati magari yameshaupeleka wenyewe Manzese kwa matairi.

Uwanja wa lami wa kufundishia nao ningeutaka, mahali ambapo dogo angelipa kidogo, avishwe ngozi, afundishwe na mtu anayejua jinsi ya kufunga breki kwenye maji na jinsi ya kukata kona, na mwisho wa siku aruhusiwe kuburuza hilo goti lake mpaka roho itosheke. Lakini hilo najua ni la kuota, acha nisiliandike kwa wino mweusi.

Dogo alinionyesha mkataba wake, ameukunja ndani ya nailoni chini ya kiti, pamoja na spana na kitambaa cha kufutia. Ni kurasa mbili, umechapwa vizuri, una sahihi ya shahidi. Nimeusoma wote nikiwa nimekaa pale kijiweni juu ya benchi. Neno "faini" limo mara nne. Neno "kuchelewesha" mara tatu. Tairi limetajwa mara moja, kwenye orodha ya vitu vilivyo juu ya dereva. Mvua haimo. Ajali imo, kifungu cha tisa: ikitokea ajali, dereva ataendelea kupeleka hesabu "kama kawaida" hadi chombo kitakapotengenezwa.

Nikamuuliza kama alikisoma hicho cha tisa kabla ya kusaini. Akasema alikisoma, akawasha pikipiki, akaniuliza naenda wapi.